Viongozi wa utalii wasomeshwe uendelevu na dijitali kwa lazima, au tunaongeza vyeti vya ukutani?

Msafiri Kimya: Wakuu, tujadili bila jazba. Asiyesomea utalii endelevu na mifumo ya kidijitali asikabidhiwe hoteli, kampuni ya safari wala bodi ya utalii. Sekta inachangia kama asilimia 8 ya gesi joto duniani, na bado kuna mameneja wasiojua umeme wao unaliwa na nini.

Kalamu Butu: Kozi za nini? Siku tatu ukumbini, viyoyozi vinanguruma, maji ya chupa mezani, mada ni plastiki. Wanarudi na kikadi cha bafuni: okoa sayari, tumia taulo tena. Hata wafagia vyumba hawakisomi.

Bi Shuka: Sisi "wafagia vyumba" tunakisoma. Mgeni akitundika taulo kwenye ndoano, anataka libaki. Lakini fomu ya ukaguzi ina kisanduku kimoja tu: taulo limebadilishwa, ndiyo au hapana. Ukiliacha, unakatwa alama. Hapo asiyejua kusoma ni nani?

Kalamu Butu: Povu la nini dada, sikukutaja. Kile kikadi ni ujanja wa kubana bili ya dobi. Jay Westerveld, mwanamazingira wa Marekani, aliwaumbua tangu 1986: hoteli inajipaka kijani kwa taulo, yaani inajifanya rafiki wa mazingira, mengine yanaendelea kama kawaida.

Mhasibu Mstaafu: Bili ikipungua kuna ubaya gani? Maji, umeme na sabuni vyote vimepungua. Au mnataka uendelevu wa hasara?

Bi Shuka: Ubaya, mzee wangu, ni akiba kupanda juu na zamu kukatwa chini. Mgeni akikubali chumba kisifanyiwe usafi, kuna mtu siku hiyo haitwi kazini.

Mhasibu Mstaafu: Hilo ni la chama cha wafanyakazi, si la mazingira.

Zamu ya Usiku: Nani kasema? Na dijitali mmeitupa wapi? Bosi wetu katoka kozini na tableti. Kila chumba nabonyeza kuanza, nabonyeza kumaliza. Ofisini wanaona dakika zangu. Lita za maji hazionekani popote.

Msafiri Kimya: Ndiyo hoja yangu! Vigezo vya GSTC, lile baraza la kimataifa la utalii endelevu, vinataka matumizi ya maji yapimwe na wafanyakazi wapewe mafunzo. Huyo bosi alisoma nusu.

Kalamu Butu: Mleta mada, hiyo asilimia 8 ni ya utafiti wa 2018, takwimu zenyewe zinaishia 2013. Na mzigo mkubwa ni usafiri, ununuzi na chakula. Mnapoteza muda na taulo.

Mhasibu Mstaafu: Si wewe uliyelileta?

Kalamu Butu: Nililitaja kwa dhihaka, mkalishika kama agenda ya kikao.

Zamu ya Usiku: Mimi nauliza tu, kwa nini kozi aende bosi peke yake? Anayejua bomba lipi linavuja ni fundi. Anayejua wageni wanatupa nini ni Bi Shuka.

Bi Shuka: Wanatupa vichupa vya shampuu vilivyobaki zaidi ya nusu, mdogo wangu. Kozi tutaijadili, ila fomu ya ukaguzi inaweza kuongezewa kisanduku leo: "mgeni hakutaka". Haihitaji cheti.

Kalamu Butu: Hapo sina ubishi. Ndege je? Mbona kila mtu anazikwepa?

Mhasibu Mstaafu: Ndege zifungulie uzi wake, nitakukuta hukohuko.