Mafundi wa magitaa Kampala, kapasita si dawa! Hela mmekula na toni ya besi mmeiua

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na nitaandika kwa urefu, maana nimechoka kunyamaza. Hapa Kampala pamezuka mtindo wa mafundi na wauza vipuri kuwachuna wapiga besi kwa jina la "kuapgredi toni". Hawakuulizi unapiga muziki gani. Hawakuulizi unapigia ampu gani. Hawapimi chochote. Wanachomoa kapasita ndogo iliyokuwemo (kipuri cha umeme kinachofanya kazi na nobu ya toni), wanalehemu nyingine kubwa yenye rangi ya kuvutia, kisha unatajiwa bei. Ukilalamika unaambiwa, "Ssebo (bwana), hiyo ni orijino kutoka Marekani."

Besi yangu ni ya kawaida, ya mtindo wa Jazz Bass: pikapu mbili (zinazonasa mtetemo wa nyuzi), nobu mbili za sauti na moja ya toni. Haina betri wala priampu (kikuza sauti cha ndani). Naipigia rumba wikiendi huku Kansanga, naipigia kwenye kwanjula (sherehe ya kutambulishana kabla ya ndoa) na harusi, na Jumapili iko kanisani. Ilikuwa inalia vizuri. Kero yangu ilikuwa moja tu: nikishusha toni mpaka mwisho, sauti inazama kabisa, kwenye spika ndogo za ukumbini unabaki kusikia mtetemo bila noti. Na poti yenyewe, kile kipuri cha ukinzani kinachozungushwa na nobu, ilikuwa imechakaa, ukiizungusha inakwaruza.

Kwa hiyo nilijua ninachotaka na nilikisema wazi, tena nikamwandikia fundi mmoja kwenye karatasi: poti mpya ya toni, A250K, yaani logi ya kiloomu 250, na kapasita ya mikrofaradi 0.033, ile inayoandikwa 333. Basi. Kazi ya kulehemu sehemu nne au tano. Nilimlipa laki na themanini kwa sababu alisema anaagiza vifaa vya uhakika.

Sikilizeni nilichorudishiwa.

Kwanza kapasita. Nimefungua bamba nikakuta dude nene kama kidole gumba, limeandikwa 473 na volti 600. 473 ni 0.047! Ni thamani ileile iliyokuwemo tangu kiwandani. Nimelipia "apgredi" ya kitu kilekile kwenye gamba kubwa zaidi. Halafu anajisifia hizo volti 600. Wakuu, pikapu ya gitaa haitoi hata volti chache. Waya umezungushwa kwenye sumaku, uzi unatetemeka, unapata umeme kidogo mno. Kapasita za volti 600 zina maana ndani ya ampu za taa (zile za vali za kioo), ambako kuna mamia ya volti kwelikweli. Ndani ya besi isiyo na betri, kinachosikika ni thamani ya kapasita. Za keramiki nyingi zinaweza kupishana na kilichoandikwa kwa asilimia 20, za filamu hukaa ndani ya asilimia 5 au 10, kwa hiyo ukitaka ya filamu kwa ajili ya uhakika huo nakuelewa. Lakini kapasita mbili zikipimwa zikawa sawa, huwezi kuniambia hii inaleta "joto" na ile haina. Na ya filamu ya kawaida haifikii hata nauli ya boda ya kutoka Kansanga mpaka mjini.

Mbona nang'ang'ania 0.033? Kwa wasiojua: toni ya besi ya namna hii ni poti na kapasita vinavyoelekea ardhini, yaani kwenye waya wa ardhi wa besi. Kapasita inaruhusu sauti nyembamba zitoroke kwenda ardhini, poti inaamua zitoroke kwa kiasi gani. Ukishusha nobu mpaka sifuri, kapasita na pikapu vinashikana na kutengeneza kilele kipya cha sauti, na mahali pa kilele hicho panategemea thamani ya kapasita. Chukua pikapu ya henri 3.5 (kipimo cha koili yake). Kwa 0.1 kilele kinakaa karibu na hezi 270. Kwa 0.047 ni kama 390. Kwa 0.033 kinapanda kwenye 470, na kwa 0.022 unafika 570. Hizo namba kwenye karatasi ni ndogo, lakini kwenye sikio ni kitu kingine kabisa. Besi za zamani za Precision Bass za kampuni ya Fender zilikuwa na 0.1, ndiyo maana toni ikishushwa zinakuwa nzito vile. Anayetaka uzito huo aweke. Mimi kwenye rumba nataka nishushe toni, ukali wa vidole uondoke, lakini noti ibaki inasema. Ile sehemu ya katikati ndiyo inayomfanya mtu ukumbini asikie besi inaongea na gitaa la solo. Kapasita ndogo inaniachia hiyo sehemu. Tofauti ya 333 na 473 ndiyo kazi yote niliyompelekea, na ndiyo ambayo hakuifanya.

Sasa poti, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Aliniwekea B500K. Nimeandika A250K kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, yeye kaweka B500K.

Herufi kwenye poti za sokoni zina maana: A ni logi (ukinzani haubadiliki sawasawa na mzunguko), B ni linia (unabadilika sawasawa). Kwenye poti ya linia ya 500K, ukiweka nobu katikati ukinzani unabaki 250K. Yaani nusu nzima ya mzunguko, kutoka 10 hadi 5, inashuka mpaka pale ambapo poti ya 250K inakuwa imefunguliwa yote! Sikio halisikii karibu chochote. Mabadiliko yenyewe yanaanza ukinzani ukishuka kwenye makumi ya K, na kwa B500K hiyo 50K unaikuta nobu ikiwa kwenye 1. Kwa hiyo toni yangu sasa ni kama bomba bovu la maji: unazungusha, unazungusha, hakuna kitu, halafu ghafla lote linafoka. Kwenye A250K nobu ikiwa katikati unakuwa umeshafika kwenye 25K hadi 35K hivi, kwa hiyo mabadiliko yanagawanyika kwenye mzunguko wote, unaweza kutafuta mahali pako na kupakumbuka. Ndiyo sababu niliomba logi. Na hiyo 500K nayo inapunguza mzigo kwa pikapu, toni ikiwa juu sauti inakuwa kali kuliko zamani, kila mguso wa uzi kwenye freti unasikika. Kanisani fundi mitambo ameniuliza kama nimebadilisha nyuzi.

Sijamaliza. Poti aliyoleta ina shingo nene, inchi tatu kwa nane, ambayo ni kama milimita 9.5. Besi nyingi za bei yetu zinazotoka Asia zina matundu madogo, kwa sababu poti zake ni ndogo. Fundi anayejua kazi angeliona hilo kabla ya kununua, angetafuta poti ndogo, zipo A250K ndogo. Yeye kachukua drili akalipanua tundu la bamba langu, krom imechubuka pembeni na bamba limepinda kidogo. Nobu ya zamani ikagoma kuingia kwenye shafti mpya (kijiti cha poti kinachozunguka) kwa sababu vipimo vinapishana. Mnajua alifanya nini? Aliitia gundi. Supa gluu! Nobu imegandishwa kwenye shafti, siwezi kuitoa bila kuivunja.

Na kwa kuwa kapasita ile ni nene, haikutosha vizuri kwenye shimo. Aliikunja mguu akaisukuma ndani, mguu ukiwa mtupu, hakuna hata kipande cha plastiki juu yake, na shimo lenyewe limebandikwa karatasi ya shaba iliyoungwa na ardhi. Tukiwa kwenye kwanjula, wakwe wameshaketi, nikashusha toni kwa ajili ya wimbo wa taratibu na besi yote ikapotea. Haikuwa nzito, haikuwa na kiza, ilipotea. Mguu wa kapasita upande wa poti ulikuwa umegusa ile shaba, kapasita ikawa imerukwa, na nobu ya toni ikageuka njia ya kupeleka sauti yote ardhini. Kiongozi wa bendi alinitazama kama mtu asiyejua chombo chake. Heshima yangu mbele ya watu niliopata kazi kwao kwa shida, nani atanilipa?

Tena waya wa ardhi unaokwenda kwenye briji (pale nyuzi zinapofungwa chini) aliuacha umening'inia, haukulehemiwa. Kawaida pikapu za aina hii zikiwa zote mbili juu mvumo unapungua, na ukigusa nyuzi unapungua zaidi. Sasa nagusa nyuzi, hakuna tofauti, mvumo unaendelea. Umeme wetu ni hezi 50, na noti ya G kwenye freti ya tatu ya uzi wa E ni hezi 49. Nyimbo zetu ngapi ziko kwenye G? Kila nikitulia kwenye noti hiyo, mvumo unabishana nayo palepale. Nilipompigia simu akasema waya ule "unasababisha shoti", ni heri usiwepo. Kumbi zenye soketi zisizo na ardhi zipo, na mpiga gitaa anaweza kupigwa na umeme akigusa maiki, hilo ni kweli na ni la hatari. Lakini dawa yake ni kurekebisha soketi na ampu. Kumkatia mtu waya wa briji kimyakimya bila hata kumwambia ni kitu kingine. Na yeye hakuukata kwa usalama, aliusahau, kisha akatafuta maneno.

Jambo la mwisho kuhusu yeye ndilo linaloniuma kuliko laki na themanini: vipuri vyangu vya zamani hakurudisha. Poti ya kiwandani na kapasita yake. Anasema "zilikuwa takataka". Mali ya mtu si takataka mpaka mwenyewe aseme. Poti ile ilikuwa inakwaruza tu, tone moja la spirei ya kusafishia pengine lingetosha kunivusha mwezi.

Sitaji jina la duka wala la fundi, msinitumie meseji za kuuliza. Na sisemi mafundi wote wako hivyo, kuna vijana mjini wanaorekebisha redio na ampu kwa pasi ya kulehemu ya bei rahisi na kazi yao inang'aa. Ninaowasema ni wale waliogundua kwamba mpiga muziki ana hamu ya sauti nzuri na hana mita mkononi.

Kwa hiyo nunua mita ya kupimia umeme. Ya dijitali, ya bei ya chini kabisa inatosha. Kabla hujatoa hela, poti ikiwa bado haijalehemiwa, pima miguu miwili ya pembeni: unataka usome karibu na 250K. Kisha zungusha mpaka nusu, pima wa katikati na wa pembeni. Ukisoma nusu kamili, hiyo ni linia, irudishe. Kapasita soma namba: 223, 333, 473, 104, rangi isikudanganye. Bamba likishafungwa, chomeka ampu, shusha toni polepole, sauti ikipotea yote usiondoke hapo. Gusa nyuzi usikilize mvumo. Ukiwa unaye fundi, mwambie akupe vipuri vya zamani mkononi kabla ya malipo ya mwisho.

NYONGEZA: Mdau hapo chini ameshauri nitupe mfumo huu niweke priampu ya betri, "utapata besi na trebo kwa vidole". Asante ndugu yangu, lakini sikuomba hivyo. Betri ya volti 9 inaisha katikati ya ibada, na mimi napenda besi inayolia nikichomeka waya tu. Mwingine kasema laki na themanini ni bei ya kawaida ya ufundi. Sawa, ufundi uliofanyika ni upi? Nitajie kimoja.

Ninachodai ni haya. Hela ya vifaa irudi. Poti yangu na kapasita yangu zirudi. Bamba lililotobolewa alinunulie jipya, la matundu madogo kama lilivyokuwa. Nimemwandikia hivyo kwenye WhatsApp, alama mbili za buluu zimeonekana, hajajibu.

Na nyinyi mlioko Kampala, Jinja, Mbarara au Arua: kama kuna duka mnalojua lina A250K ndogo, ile ya shingo ya milimita 7 na shafti ya kuchanwa, pamoja na 333 ya filamu, andikeni hapa hapa na bei yake ili kila mtu aione. Nitalehemu mwenyewe.