Mjadala: Kiharusi Lamu, tuanze na kipimo cha mtiririko wa damu au na boti?

Mwanzishaji, Langoni:
Ndugu zangu, wapo wanaosema kaunti ikipata fedha za kiharusi inunue programu ya CT (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei) ya kupima mtiririko wa damu ubongoni. Napinga. CT ya kawaida, kwa dakika chache, inajibu swali la kwanza: mshipa umepasuka au umeziba? Ukimpa dawa ya kuyeyusha donge mtu anayevuja damu ubongoni, unaweza kumuua. Na dawa hiyo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Kwetu saa hizo huishia baharini. Mtu wa Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, maji yakiwa yametoka, boti inasubiri. Na nyumba nyingine mdomo ukipinda, anaitwa kwanza msomaji wa dua. Fedha ziende kwenye boti ya wagonjwa na CT ya kawaida inayofanya kazi usiku na mchana.

Mpiga picha za hospitali, Malindi:
Kaka, hayo ya boti ndiyo yananipa hoja. Huyo wa Kizingitini akifika saa 8 zimepita, CT ya kawaida itakwambia hakuna damu iliyovuja. Kisha? Katika kipimo cha mtiririko, dawa ya iodini huingizwa mshipani kwa kasi na mashine hupiga picha mfululizo. Kompyuta huonyesha damu inafika wapi, kiasi gani, na kwa kuchelewa vipi. Kwa vipimo vinavyotumika sana, panapopata damu chini ya asilimia 30 ya ile ya upande usioathirika huhesabiwa pamekufa. Ambapo damu huchelewa zaidi ya sekunde 6 lakini hapajafa, bado panaweza kuokolewa. Mwaka 2018 tafiti za DAWN na DEFUSE 3 zilionyesha kwamba waliochaguliwa kwa picha za CT au MRI (mashine ya picha itumiayo sumaku) walifaidika kwa kuvutwa donge kwa mrija, ule wa kwanza hadi saa 24, wa pili hadi saa 16. Mwaka 2019 EXTEND ikaonyesha faida ya dawa ya kuyeyusha hadi saa 9, wakiwemo walioamka na kiharusi. Aliyelala mzima, alfajiri mkono haunyanyuki: tumwambie amechelewa?

Muuguzi, Mokowe:
Hizo DAWN na DEFUSE 3 zilifanywa penye mtu wa kuvuta donge papo hapo. Tena moyo ukiwa dhaifu au mshipa wa shingo umesinyaa tangu zamani, dawa ya iodini huchelewa kufika na picha huonyesha hatari kubwa kuliko iliyopo. Hiyo yataka msomaji wa picha mzoefu, si rangi za kompyuta pekee.

Mwanzishaji, Langoni:
Ahsante dada. Nakubali hili moja: mashine ikinunuliwa, iwe ya kuweza kuongezewa programu hiyo baadaye. Lakini kaka wa Malindi, nijibu. Picha ikionyesha ubongo wa mgonjwa wako wa saa 8 bado unaokoleka, na wa kuvuta donge hayupo hapa, utampeleka wapi, na kwa chombo gani?