Ryzen 9 na Radeon, au X3D na GeForce? Mashine moja ya kazi na gemu kwenye Linux

Mchapakodi
Wakuu, naomba mawazo kabla sijaagiza vifaa. Nataka mashine moja tu, Linux peke yake, Windows sitaki kuiona hata kwenye kipande cha diski. Mchana nakompaili (nageuza msimbo kuwa programu) miradi mikubwa ya C++, mara mojamoja narenda kitu kwenye Blender, programu ya michoro ya 3D. Usiku ni gemu, skrini ya 1440p yenye Hz 144. Nina orodha mbili:

A: prosesa Ryzen 7 9800X3D, kadi ya michoro GeForce RTX 5070 Ti ya NVIDIA, RAM GB 32 (vijiti viwili vya 16).
B: prosesa Ryzen 9 9950X, kadi ya michoro Radeon RX 9070 XT ya AMD, RAM GB 64 (vijiti vinne vya 16).

Kadi zote mbili zina GB 16, mazabodi ni ya soketi ya AM5 kotekote, diski ya NVMe ya TB 2. Ningekuwa mimi, mngenishauri ipi?

Nyuzi32
B. Kukompaili C++ ni kazi inayotafuna kila kiini unachoipa. 9950X ina viini 16 na nyuzi 32 (kazi 32 kwa wakati mmoja), 9800X3D ina nusu yake. Ukibadilisha faili moja la header linaloguswa na mradi mzima, utajua kwa nini nasema hivi.

BintiTerminal
Kwenye prosesa niko na Nyuzi32, lakini hivyo vijiti vinne achana navyo. Kiwango rasmi cha Ryzen 9000 ni DDR5-5600 ukiweka vijiti viwili. Ukijaza nafasi zote nne kinashuka hadi 3600. Wapo wanaofanikiwa kuipandisha, ila hapo umeshaingia kwenye bahati nasibu ya voltiji. Chukua viwili vya GB 32, yamekwisha.

Na GB 64 kwa prosesa hiyo si anasa. C++ yenye template nyingi inaweza kula GB 2 kwa kila uzi, na linker, inayounganisha vipande vyote, ikija mwishoni nayo inataka yake. Ukiwa na GB 32 utalazimika kupunguza ile namba ya `-j` (kazi ngapi zikompailiwe kwa pamoja), sasa nyuzi 32 ulizilipia za nini?

Halafu siku ya kwanza ukiwasha, skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa huku mazabodi ikiipima RAM. Usizime! Nenda kanywe maji.

MlaFremu
Jamani msimwonee X3D. Ina kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) MB 96. 9950X ina 64, tena zimegawanywa 32 kwa 32 kwenye vipande viwili vya silikoni. Gemu za mikakati na za kuiga ndege zinaiona tofauti hiyo waziwazi. Ila nakiri kwa 1440p mara nyingi kadi ndiyo inayochoka kwanza, prosesa inabaki inaisubiri.

Kama mfuko unaruhusu, kuna 9950X3D. Viini 16 na kashe kubwa humohumo.

Nyuzi32
@MlaFremu humohumo, lakini upande mmoja tu. Viini 8 ndivyo vyenye kashe ya ziada. Gemu ikiangukia vile vingine umelipia pambo.

BintiTerminal
Hilo linatibika. Kuanzia kerneli (moyo wa Linux) 6.13 kuna draiva inayokuwezesha kuchagua upande upi upewe kipaumbele. Au kwa gemu moja moja, ibane kwenye viini unavyotaka kwa kuweka hii kwenye launch options za Steam:

`taskset -c 0-7,16-23 %command%`

Hakiki kwanza namba kwenye mashine yako. Soma `/sys/devices/system/cpu/cpu0/cache/index3/size`. Ukiona 98304K, upande wa cpu0 ndio wenye kashe kubwa. Ukiona 32768K, tumia namba za upande wa pili.

MzeeWaKerneli
Mnabishania prosesa wakati zote mbili zitafanya kazi vizuri tu. Kwenye Linux swali lenyewe ni kadi.

Draiva ya Radeon, amdgpu, imo ndani ya kerneli, na draiva yake ya Vulkan (njia ya gemu kuchora kwenye kadi) ni RADV, sehemu ya Mesa, mkusanyiko wa draiva huria za michoro. Unasasisha mfumo, unawasha upya, basi. Steam Deck nayo ina chipu ya AMD na inatumia draiva hizohizo, kwa hiyo hitilafu nyingi za Proton, inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux, zinawindwa na Valve wenyewe kabla hazijakufikia.

NVIDIA siyo ile ya zamani, nikiri. Mwaka 2022 walifungua moduli zao za kerneli, na kwa RTX 50 hizo ndizo pekee zinazokubalika. Draiva 555 ya mwaka 2024 ilimaliza sehemu kubwa ya kumetameta kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha. Lakini bado ni moduli ya nje: kerneli ikibadilika nayo ijengwe upya, Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha) ikiwa imewashwa isainiwe. Na gemu za DirectX 12 zinazopita vkd3d-proton, inayozitafsiri kwenda Vulkan, zimekuwa zikipoteza kasi kwenye GeForce kuliko ilivyo Windows.

Tahadhari kwa B: 9070 XT ilitoka Machi 2025. Inataka kerneli 6.12 kwenda juu, Mesa 25 na linux-firmware mpya. Ukiichomeka kwenye Debian 12, yenye kerneli 6.1, utapata picha ya msingi tu na michoro yote ikibebwa na prosesa. Chagua Debian 13, Fedora au Arch.

RendaUsiku
Mzee umesema kweli tupu, ila umeiruka Blender. Cycles, injini yake ya kurenda, inaikubali Radeon kupitia HIP ya AMD, lakini OptiX, njia ya NVIDIA ya kazi hiyohiyo, kwa kawaida inaiacha nyuma, na kusakinisha HIP kwenye distro nyingine ni kazi yenyewe. Programu yoyote inayodai CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kufanyia hesabu kwenye kadi, ndiyo kabisa, Radeon haina la kujibu. @Mchapakodi hiyo "mara mojamoja" yako ni mara ngapi? Kama ni kila wiki na kuna mteja anasubiri, mimi ningeweka 5070 Ti juu ya 9950X na orodha zote mbili ningezichana.

MlaFremu
Na kama siku moja utaiunganisha na TV ya 4K kwa Hz 120, kumbuka HDMI Forum mwaka 2024 walikataa AMD wasiweke HDMI 2.1 kwenye draiva huria. Kwa skrini yako ya DisplayPort halikuhusu.

Gemu unazocheza ni zipi kwani? Valorant na Fortnite hazifunguki kwenye Linux, Apex nayo ilifungiwa mwishoni mwa 2024. Hapo hata ununue kadi ya aina gani.

Mchapakodi
Hizo sichezi, nacheza za mtu mmoja. Blender ni ya kujifurahisha, hakuna mteja. Basi nimeegemea 9950X, 9070 XT, vijiti viwili vya GB 32. Ile X3D ya viini 16 nimeitamani lakini taskset kila gemu hapana. Pawa saplai nilikuwa nimepanga ya wati 650, inatosha?

MzeeWaKerneli
Haitoshi. Kadi wati 304, prosesa ikibanwa inafika 200, na kadi hizi hurukaruka juu ya kiwango chake kwa milisekunde chache. AMD wenyewe wanapendekeza 750. Weka 850 ya kiwango kipya cha ATX 3.1. Na kadi ikiwa na matundu mawili ya pini 8, vuta nyaya mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai, usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili.