Redio, NGO au kamera ya harusi? Natakiwa kujibu kabla ya Ijumaa

Kipaza_Sauti (mleta mada), Jumatatu saa 3:12 usiku

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi.

Nina shahada ya mawasiliano ya umma, nilibobea kwenye utangazaji. Baada ya kuzunguka sana na bahasha ya vyeti, Mungu si Athumani, nimepata njia tatu kwa mpigo na sasa ndiyo nimechanganyikiwa zaidi. Ya kwanza ni redio moja hapa mjini, wananitaka kipindi cha asubuhi. Ya pili ni NGO, afisa mawasiliano. Ya tatu ni kuachana na ajira, nichukue kamera niingie kwenye harusi na chaneli yangu ya mtandaoni. Kuna mtaji kidogo.

Moyo wangu uko redioni tangu nikiwa darasa la tano. NGO wanataka jibu Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Nifuate ipi?

Binti wa Tandika, saa 3:20 usiku

Mleta mada, hapo umetega kitendawili na jibu umeondoka nalo. Umemaliza mwaka gani? Redio wanalipa ngapi, NGO wanalipa ngapi? Mkataba upo? Unakaa wapi? Una deni la Bodi ya Mikopo? Una familia? Ukija kuomba ramani useme unatokea wapi, la sivyo tutakupeleka Bagamoyo wakati wewe unakwenda Mkuranga.

Mkaa Dirishani, saa 3:22 usiku

Nimeweka kigoda hapa. Kahawa na kashata zipo.

Kipaza_Sauti, saa 3:41 usiku

Samahani dada. Nilimaliza 2021. Nakaa Gongo la Mboto kwa dada yangu. Sijaoa. Mkopo ninao. NGO ni mkataba wa miezi 12. Redio iko Mbezi Beach, mkataba wamesema tutaongea mbele ya safari.

Binti wa Tandika, saa 3:43 usiku

Hela umezikwepa tena. Na kipindi kinaanza saa ngapi?

Kipaza_Sauti, saa 3:50 usiku

Kinaanza saa kumi na mbili asubuhi, ila natakiwa studio saa kumi na moja. Laki tatu, na wameahidi wataongeza. NGO ni laki tisa kabla ya makato.

Dereva wa Zamani, saa 3:58 usiku

Gongo la Mboto hadi Mbezi Beach, uwe studio saa kumi na moja alfajiri? Kijana wangu, hapo utaondoka nyumbani saa tisa usiku kwa bodaboda, kila siku ya kazi. Piga hesabu ya boda halafu urudi hapa utuambie laki tatu imebaki ngapi. Labda uhamie huko huko, na kodi ya Mbezi Beach nayo unaijua.

Mixa wa Usiku, saa 4:30 usiku

Naomba nisimulie, ingawa uzi utakuwa mrefu.

2016 nilianza kujitolea kwenye kituo kimoja cha redio hapa Dar, jina silitaji, waliokuwepo wanajua. Niliambiwa wiki mbili za kuangaliwa. Zikawa miezi saba. Nilikuwa nakaa kwenye mitambo zamu ya usiku, napandisha muziki, nasoma matangazo, na saa nane usiku nikiishiwa maji ya kunywa nakunywa ya kwenye ndoo ya kupozea jenereta. Nauli najitegemea. Mwezi wa nane wakaniajiri, mkataba wenyewe ulikuwa meneja kunigonga begani na kusema "wewe ni wa nyumbani."

Mshahara wa kwanza nikapata, laki mbili. Nikanunua shati. Mwezi wa pili wa ajira, ilipofika tarehe thelathini, tukaitwa stoo. Siyo ofisini, stoo. Kule ndani yamepangwa magodoro hadi juu ya dari. Kumbe mteja mmoja mkubwa wa matangazo alikuwa analipa kwa mali badala ya pesa, na bosi akaona zigo hilo tugawane. Mimi nikapewa mawili, tano kwa sita, inchi nane, na karatasi ya kusaini kwamba nimelipwa stahiki zangu zote.

Nikayafunga juu ya bajaji hadi Sinza. Mwenye nyumba alikuwa ananidai kodi ya miezi mitatu, mzee wa watu, amekaa kibarazani na redio yake ndogo, na ananisikilizaga mimi mwenyewe usiku. Nikamshushia godoro moja. Akalibonyeza kwa ngumi, akalinusa, akaligeuza upande wa pili, akasema: "Hili ni mwezi mmoja, kijana. Miezi miwili bado."

La pili nikaliuza nipate nauli. Sasa uchungu uko hapa: tangazo la magodoro yale nilikuwa nalisoma mimi, kila baada ya saa moja, usiku kucha, kwa sauti nzito ya kubembeleza watu walale vizuri. Nikitoka zamu nakwenda kulala kwenye mkeka.

Sisemi redio ni mbaya. Nasema mtu akikwambia mkataba tutaongea mbele ya safari, ujue safari unakwenda peke yako.

Mkaa Dirishani, saa 4:34 usiku

"Miezi miwili bado" 😂😂😂 Mke wangu ameamka ananiuliza nacheka nini.

Mhasibu Mlokole, saa 5:05 usiku

Bwana asifiwe. Hesabu kidogo, maana hapa watu wanalinganisha laki tisa na laki tatu kana kwamba zote zinafika mfukoni.

Laki tisa ya NGO: NSSF asilimia 10, inaondoka 90,000. Inabaki 810,000 ya kukatwa kodi ya mapato. 270,000 ya kwanza haina kodi, ngazi zinazofuata ni asilimia 8, 20 na 25, jumla kodi 80,500. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara, 135,000. Unabaki na 594,500. Kama kuna bima au chama, punguza tena.

Laki tatu ya redio bila mkataba utapewa mkononi, nzima. Tofauti siyo mara tatu, ni kama mara mbili hivi. Lakini ile ya NGO inakuachia akiba NSSF na deni la Bodi linapungua. Ya redio inakuachia sauti ya kukwaruza.

Afisa wa Wilayani, Jumanne saa 1:15 asubuhi

Mbona hakuna anayetaja Sekretarieti ya Ajira? Mimi nilimaliza chuo nikazunguka Mikocheni yote, kila geti la kituo cha redio na televisheni mlinzi ananijua. Mwisho nikaomba Afisa Habari kwenye mfumo wa ajira za serikali, nikafanya usaili wa kuandika, wa mahojiano, nikapangiwa halmashauri moja kusini. Nina miaka minne. Nimepiga picha mbio za Mwenge, nimepiga picha vyoo vya shule vinavyozinduliwa, nimemwandikia mkurugenzi hotuba ya siku ya mazingira. Kamera ya ofisi ilikufa mwaka wa kwanza, natumia simu yangu. Lakini mshahara unaingia, na nina kiwanja.

Binti wa Tandika, saa 1:40 asubuhi

Afisa umesema kweli, ila usaili wa serikali siyo daladala kwamba ukikosa hili linakuja jingine. Yeye ana hadi Ijumaa.

Nikupe picha ya darasa letu, mleta mada, labda itakusaidia. Kundi letu la WhatsApp lina watu 61, wote tulisomea habari na utangazaji. Walioko hewani mpaka leo ni wawili. Mmoja yuko bungeni Dodoma anaandikia gazeti. Wanne ni maafisa uhusiano, benki na mashirika. Kuna MC wa harusi ambaye Jumamosi humpati hata kwa simu ya dharura. Kuna mwalimu, kuna mchungaji, kuna aliyeolewa Muscat. Na kuna kaka mmoja, ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wote darasani, anauza vipuri vya Toyota Gerezani. Ukimpigia kuulizia shokomzoba anakujibu kama anasoma taarifa ya habari ya saa mbili: "Ya mbele ipo, ya nyuma itawasili Alhamisi." Wateja wanampenda kwa hilo. Mimi mwenyewe niko NGO, mwaka wa sita, mradi wa tatu. Kila mradi ukikaribia kuisha nafunga na kuomba.

Mzee wa Pugu Road, saa 3:00 asubuhi

Nimesoma yote kimya kimya. Sisi tulioingia Radio Tanzania Dar es Salaam, pale Barabara ya Pugu kabla haijaitwa Nyerere, hatukuulizana utangazaji unalipa nini. Ulikuwa unakaa miezi ukisikiliza wakubwa kabla hujaguswa na kipaza sauti. Ukisema "masaa" badala ya "saa" unaitwa pembeni. Siku hizi mtu anaingia studio na mdomo wake tu. "Nalingoja lipoti." "Kiukweli ukweli." Halafu mnashangaa kwa nini mnalipwa magodoro.

Sauti ya Kitaa, saa 3:25 asubuhi

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, enzi zenu redio ilikuwa moja, msikilizaji angekwenda wapi? Binafsi zimeanza baada ya sheria ya 1993, Radio One na ITV wakaja 1994, ndipo ushindani ukaanza. Mimi natangaza kipindi cha mchana, nasema "masaa" na wasikilizaji wangu wanasema "masaa". Nikisema "saa tano zilizopita" wanadhani nataja saa tano.

Mzee wa Pugu Road, saa 3:31 asubuhi

Marahaba. Wakidhani hivyo wafundishe. Kazi ya redio ilikuwa hiyo.

Sauti ya Kitaa, saa 3:38 asubuhi

Na suala la cheti je? Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 imeleta masharti ya elimu, diploma na kuendelea. Kuna watu walikuwa na vipaji kuzidi sisi sote wakaanza kuhangaika kurudi darasani na watoto mgongoni. Mleta mada ana shahada, hilo limempita, ashukuru.

Mzee wa Pugu Road, saa 3:44 asubuhi

Shahada haikufundishi kutamka "r".

Fundi Picha Mwenge, saa 4:50 asubuhi

Mmeacha kamera mnagombana masaa na saa. Naomba niingie. Harusi zinalipa, nisidanganye, lakini zina msimu. Kwaresma kimya, Ramadhani kimya. Disemba hulali. Mtu anaangalia Jumamosi nimelipwa vizuri, haoni Jumatatu hadi Alhamisi niko kwenye kompyuta naediti saa sita za video ambazo nusu yake ni shangazi anacheza. Na lile salio la malipo, bwana harusi akisharudi fungate hapokei simu. Nilijifunza kutotoa video hadi nilipwe yote.

Kuhusu chaneli ya mtandaoni, kama unataka kutoa habari kuna leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kanuni za 2018 zilikuwa zinataka laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni nyingine kila mwaka.

Mhasibu Mlokole, saa 5:02 asubuhi

Hizo kanuni zimeshabadilishwa, 2020 na tena 2022. Asitembee na bei ya 2018. Aende Mawasiliano Towers pale Sam Nujoma aulize mwenyewe dirishani.

Fundi Picha Mwenge, saa 5:04 asubuhi

Sawa mtumishi. Mleta mada, mtaji "kidogo" ni shilingi ngapi na ni wa nani?

Kipaza_Sauti, saa 7:20 mchana

Milioni nne. Ni za baba mdogo. Aliuza kipande cha shamba Kisarawe, akaniambia nizizungushe, nimrudishie taratibu.

Binti wa Tandika, saa 7:22 mchana

Umeanza kusema leo!

Dereva wa Zamani, saa 7:30 mchana

Hela ya shamba la ukoo usinunulie kitu kinachoibwa Kariakoo kwa sekunde mbili. Shangazi zako watakukumbusha kila msiba.

Fundi Picha Mwenge, saa 7:41 mchana

Nina Canon 80D na lenzi mbili, imetumika lakini iko safi. Kwa mdau wa humu naweza kushusha bei. Njoo pembeni tuongee.

Binti wa Tandika, saa 7:43 mchana

Fundi, kwa hiyo ulikuja kushauri au kuuza?

Fundi Picha Mwenge, saa 7:44 mchana

Vyote.

Afisa wa Wilayani, saa 10:15 jioni

Ushauri wangu chukua NGO, huku unaendelea kuomba serikalini. Ofisi yao iko wapi? Wengi wako Mikocheni na Masaki.

Kipaza_Sauti, saa 12:48 jioni

Wakuu, nimewapigia leo kuuliza. Ofisi iko Masaki ila kituo cha kazi ni Kibondo. Kigoma. Ndivyo ilivyo kwenye barua, sikusoma ukurasa wa pili.

Mkaa Dirishani, saa 12:50 jioni

😂😂😂 Kibondo!

Binti wa Tandika, saa 12:55 jioni

Posho ya kuhamia ipo? Nyumba? Ukifika huko, laki tano na tisini ya Kibondo ni kubwa kuliko laki tano na tisini ya Gongo la Mboto, nakuambia mimi niliyekaa Kasulu mwaka mzima. Kasome ukurasa wa tatu pia.

Mzee wa Pugu Road, saa 1:10 usiku

Kigoma wanasema Kiswahili kizuri. Utajifunza.

Sauti ya Kitaa, saa 1:14 usiku

Mzee 😂 Nakuja inboksi, nina swali kuhusu "ambacho" na "ambayo" kwenye taarifa za leo.

Kipaza_Sauti, saa 2:30 usiku

Redio nao wamenitumia ujumbe sasa hivi, wanasema nije kesho alfajiri nijaribiwe hewani. Dada ananiuliza nitaamka saa ngapi. Nitawaletea mrejesho.

Mkaa Dirishani, Ijumaa saa 8:05 mchana

Ijumaa saa sita imepita. Mleta mada uko wapi?

Mkaa Dirishani, Jumapili saa 4:00 asubuhi

Amepotea. Basi Mixa, wewe upo? Lile godoro la pili ulimuuzia nani?

Mixa wa Usiku, saa 4:26 asubuhi

Mtangazaji mwenzangu wa zamu ya asubuhi. Alisema atalipa mshahara ukitoka.