BRP (kadi ya ukaazi wa Uingereza) inaisha nikiwa Uyole – nani amepitia hii?

Kutoka: Mwana wa Uyole (Coventry, kwa sasa Mbeya)
Jumamosi, 23 Mei 2020

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Wengi mnajua nilikuja nyumbani mwezi wa tatu kumzika baba. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya katikati ya Aprili, anga likafungwa kwa korona kabla ya siku yenyewe. Limefunguliwa tarehe 18 mwezi huu, lakini shirika nililokatia bado halijarudisha safari zake, na BRP yangu inaisha 30 Juni. Niko kwenye viza ya ndoa, awamu ya kwanza. Mpango ulikuwa nijaze FLR(M), fomu ya kuongeza muda wa viza ya ndoa, nikiwa Coventry, mezani kwangu, mke wangu akinisomea.

Nimeiandikia ile ofisi ya uhamiaji ya Uingereza. Jibu la mashine linaniambia nisome tovuti. Tovuti inaniambia niiandikie ofisi. Namba ya simu ya walio nje ya nchi inataka kadi ya benki kabla hujasema hata habari za leo, na ukishaingia ni muziki.

Swali langu ni moja: nijaze fomu gani, na niijaze nikiwa wapi? Tafadhali ajibu aliyepitia, siyo aliyesikia.

Mengine salama. Mama umri umeenda, kwa hiyo nimefunga geti. Sokoni anaenda mtu mmoja tu, na kibuyu chirizi cha kunawia mikono kiko mlangoni. Serikali haijamfungia mtu ndani huku, ila nyumba hii nimeifungia mimi.

Kutoka: Mnyalu wa Reading

Kamwene! Pole sana kwa msiba, mzee alikuwa mtu wa watu. Kuhusu viza usihangaike kabisa. Zote zimesogezwa hadi 31 Julai, walitangaza jana. Kula ugali wako upumzike.

Kutoka: Dada wa Luton

Mnyalu, uwe unasoma ndipo ujibu. Nyongeza ya 31 Julai ni ya watu walioko NDANI ya Uingereza wanaoshindwa kuondoka, ambao viza zao zimeisha au zinaisha kuanzia 24 Januari. Tena haiji yenyewe, unaiomba. Mwenzetu yuko Uyole. Unataka afike Addis azuiwe kupanda ndege kwa sababu ya maneno yako?

Mdogo wangu, mimi nilipata shida ya BRP nikiwa nje. Iliibwa pamoja na pochi nilipokuwa Nairobi. Nikaomba ile viza ya kuingilia mara moja tu, ya mwenye BRP iliyopotea, nikapigwa alama za vidole upya, nikangoja hadi nikazoea hoteli. Lakini mimi nilikuwa tayari na ILR, kibali cha kuishi bila kikomo, na kadi yangu haikuwa imeisha, ilikuwa imeibwa. Kwa hiyo sisemi kwamba ndiyo dawa yako. Nasema weka nakala ya kila kitu, mbele na nyuma, na barua pepe zote ulizowaandikia zihifadhi zikiwa na tarehe zake.

Na ninyi mnaofanya kazi za kulea wazee kama mimi, mmesikia ya tarehe 21? Wamekubali tusilipe IHS, ile ada ya afya ya wahamiaji. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa tunalipa, mwisho ikafika pauni 400 kwa mwaka, ili tutibiwe hospitali ambazo sisi wenyewe ndio tunazisafisha!

Kutoka: Mnyalu wa Reading

Dada, sijasema asafiri. Nimesema asihangaike. Ni vitu viwili.

Mwana wa Uyole, kazini wamekuweka kwenye ile 80% ya mshahara inayotolewa na serikali? Kama ndiyo, angalia sana, una NRPF, sharti la kutopokea fedha za umma. Ukipokea fedha za umma wanakukatalia FLR(M) mchana kweupe.

Kutoka: Dada wa Luton

Jamani! Ile 80% SIYO fedha za umma. Ni mshahara wako, unapita kwa mwajiri, mwisho pauni 2,500 kwa mwezi. Serikali yenyewe imeandika hivyo. Watu wanakufa njaa na watoto ndani kwa sababu ya ushauri kama huu. Chakula cha msaada cha makanisa na vituo vya chakula nacho hakina uhusiano na NRPF. Kinachokuumiza ni vitu kama posho ya watoto, UC (msaada wa wenye kipato kidogo), na punguzo la kodi ya halmashauri. Hivyo usiguse.

Kutoka: Mzee wa Tukuyu (Birmingham)

Ugonile, wanangu. Acheni kurushiana maneno, kuna mtu amefiwa hapa.

Mambo ya fomu mimi siyajui. Nilikuja enzi muhuri unagongwa kwenye pasipoti na mnaagana kwa mkono. Ila nimesoma kwamba umefunga geti, nyumba imejaa watu na mama mtu mzima yumo. Una akiba gani ndani? Geti bila ghala ni kuwafungia watu na njaa yao.

Mwezi wa tatu hapa Birmingham niliona watu wazima wakigombea karatasi za chooni. Unga wa ngano uliadimika kabisa, kwa majuma. Mimi nilikuwa na maharage, mahindi ya kukoboa kutoka duka la Wahindi, na karanga. Tulikula makande mpaka mjukuu akayapenda. Jirani yangu Mwingereza, mama wa miaka themanini na kitu, nilimpelekea bakuli. Alilirudisha limeoshwa na ndani ameweka mboga za bustani yake. Alikuwa mtoto wakati wa vita, anajua maana ya kula kwa kadi.

Lakini ndizi, wanangu. Siku hizi nikilala naota ndizi za Tukuyu zimepikwa na maziwa ya mgando pembeni, na mvua inapiga bati. Hizi za hapa zina ngozi ya plastiki.

Kutoka: Mwana wa Uyole

Ndaga fijo, mzee. Dada, asante, nakala nimeshapiga.

Ghala lipo, na hapo kwa kweli nina la kusema kuliko kwenye fomu. Mahindi yetu bado yako shambani yanakaukia kwenye bua, kwa hiyo nilinunua kwa jamaa aliyewahi kuvuna. Alikuwa anaapa kwamba ni makavu. Mama akachukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, akaweka chumvi kavu kidogo, akajaza mahindi hadi kama theluthi, akatikisa, akaiweka mezani itulie. Chumvi ikaganda kwenye kuta za chupa kama umande. Maana yake mahindi bado yana maji, na ukiyafunga hivyo yanaota ukungu, na ukungu wa mahindi ni sumukuvu, inaua. Yakarudi kwenye turubai. Kila jioni tunayaingiza ndani maana usiku wa Uyole wa mwezi wa tano mnaujua. Chupa ilipotikiswa tena na chumvi ikabaki chini inateleza, ndipo tukayafunga.

Tumeyaweka kwenye mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu. Unajaza wa ndani kabisa, unakandamiza hewa itoke, unasokota shingo, unafunga kwa kamba, unarudia kwa wa pili, halafu wa nje. Mdudu aliyemo anamaliza hewa yake mwenyewe anakufa, huweki dawa yoyote. Mama haamini. Kila asubuhi anataka kufungua achungulie, na kila ukifungua umemletea dumuzi hewa mpya. Tumegombana kwa adabu.

Maharage tumepepeta, tumechanganya na majivu ya jikoni yaliyochekechwa. Viazi viko banda la nyuma, gizani, juu ya nyasi, hewa inapita. Vikipigwa na mwanga vinakuwa kijani, na hivyo havifai kuliwa. Majani ya maboga na ya kunde tunayapitisha kwenye maji ya moto yenye chumvi, kisha tunayaanika kivulini kwenye ungo, juu tumefunika na chandarua nzi wasitue. Juani yanakauka haraka lakini yanabaki nyasi tu.

Kilichotushinda ni sukari. Bei elekezi ipo kwenye redio, dukani kuna bei nyingine. Chai tunakunywa na kiazi kitamu au na ndizi. Watoto wananuna kidogo halafu wanakula.

Ila BRP jamani. Mwenye viza ya ndoa iliyoishia nje mwaka huu hayupo?

Kutoka: Mama wa Njombe (Leicester)

Kamwene. Nimesoma kimya kimya tangu jana lakini hapa kwenye ghala siwezi kunyamaza.

Majivu yanafaa kwa maharage kwa sababu adui wa maharage ni fukusi. Wasije wengine hapa wakaweka majivu kwenye mahindi wakadhani wamemaliza, dumuzi hasikii majivu. Pili, hujasema viazi ulinunuaje. Kama ulinunua kwa lumbesa umemuibia mkulima, hata kama ni ndugu yako. Sisi Njombe tumelia na lumbesa miaka yote: gunia linavishwa kofia mpaka linazidi kilo 100, bei ni ile ile ya gunia. Uza na nunua kwa mizani. Tatu, usiviweke viazi pamoja na vitunguu, vinachipua mapema.

Na chandarua, mwanangu, tumia kilichochakaa, kisicho na dawa. Kile cha hati punguzo kina dawa ya mbu, si cha kufunikia mboga.

Kutoka: Mwana wa Uyole

Chandarua ni pazia la zamani la sebuleni, mama. Viazi tulipima.

Kutoka: Mnyalu wa Reading

Mimi nasema tu, huyu bwana ana bahati kukwamia Mbeya. Nipo chumba kimoja hapa tangu 23 Machi, natoka mara moja kwa siku kama mfungwa. Na wakati mimi nimekosa mazishi ya shangazi yangu hapa hapa Slough kwa kufuata sheria, yule mshauri wa waziri mkuu Johnson, Cummings, amepakia mke na mtoto mpaka Durham. Bosi wake jana kasimama kumtetea! Heri Magufuli aliyesema wazi kwamba hafungi nchi, watu wachape kazi.

Kutoka: Dada wa Luton

Pole na shangazi. Lakini usituletee hayo. Tangu 29 Aprili bara hawajatoa takwimu, tumeambiwa mbuzi na papai wamekutwa na korona, na dawa ni maombi na kupiga nyungu. Nyungu inafungua kifua, bibi yangu Mwakaleli alitufukiza kwa mchaichai na majani ya mwarobaini kila tukikohoa. Haikuwa sera ya taifa.

Kutoka: Mzee wa Tukuyu (Birmingham)

Ukimfungia ndani mama wa Mwanjelwa anayeuza nyanya leo ale leo, umemuua kwa njaa kabla ya kikohozi. Na usipomwambia ukweli wa ugonjwa umemuua pia. Zambia nao walifunga mpaka wa Nakonde tarehe 11, malori yakajaa Tunduma, madereva wakalala chini ya magari. Mwanangu mmoja anaendesha lori njia ile. Kwa hiyo kila mtu hapa ana wake.

Kutoka: Msimamizi wa orodha hii ya barua pepe

Ndugu, siasa tulikubaliana ziende kwenye orodha ile nyingine. Ujumbe unaofuata wa Cummings au wa papai sitaupitisha. (Kwa maoni yangu Cummings alipaswa kufukuzwa siku ile ile, lakini hayo ni yangu.)

Pia tafadhali mkijibu futeni ujumbe wa nyuma. Barua moja imenifikia na mkia wa kurasa nzima.

Kutoka: Kaka wa Milton Keynes

Samahani nimechelewa kuingia. Kuhusu BRP, mimi naona asikurupuke kupanda ndege. Kuanzia 8 Juni kila anayeingia Uingereza anajifungia siku 14, na anatakiwa aandike anwani atakakokaa. Kwa hiyo mke wa Coventry aanze kujaza kabati mapema, mume akirudi asilazimike kutoka kwenda dukani. Unga wa mahindi, maharage, mafuta, dagaa wakipatikana. Unga ukiuweka kwenye friza siku kadhaa kabla ya kuuhifadhi, mayai ya wadudu yanakufa.

FLR(M) yangu nilimpa wakili, sikumbuki alijaza nini.

Kutoka: Mama wa Njombe (Leicester)

Hapo kwenye friza umesema kweli. Ila uufunge vizuri kwenye mfuko, ukiutoa usiufungue mpaka ufikie joto la chumba, la sivyo unaloa unagandamana.

Kutoka: Mzee wa Tukuyu (Birmingham)

Mwana wa Uyole, kwa kuwa uko huko na una muda. Dada yangu yuko Tukuyu mjini, mahindi yake mwaka jana dumuzi walimaliza nusu na hajui habari za hiyo mifuko. Ukimpata mtu anayeteremka huko, mnunulie mitano, na umuelekeze kwa simu ile habari ya chupa na chumvi. Mkazie asiwe anafungua fungua kama mama yako. Hela natuma kesho kwa M-Pesa. Nipe namba yako, lakini niandikie pembeni, siyo hapa mbele ya watu wote.