Treni ya usiku ya Kigoma: SGR ikifika, ya MGR iondolewe au iachwe?

Mwana wa Nguruka (mleta mada)

Wakuu, salaam. Mada hii huibuka kila kipande cha SGR, ile reli mpya ya kisasa, kinapokaribia kukamilika, halafu inaishia kwenye vijembe vya watu wa Kigoma na watu wa Dar. Leo naomba tuijadili kwa utulivu. Wapo wanaosema SGR ikishafika Tabora na Kigoma, treni ya abiria ya reli ya zamani, yaani MGR, iondolewe siku hiyohiyo, njia ile waachiwe watu wa mizigo. Mimi nakataa.

Wanaotoka Dar hadi mwisho wa reli ni sehemu tu ya waliomo kwenye treni ile. Kaa daraja la tatu usiku mmoja uone. Behewa linajaa, linapungua, linajaa tena. Huyu kapandia Dodoma, anashuka Saranda. Yule kapandia Itigi na ndoo yake ya asali, anakwenda Tabora. Mbele huko kuna Usinge, kuna Nguruka, kuna Uvinza kunakochimbwa chumvi. Masika yakikolea, kuna vituo huko ambavyo gari halifiki. Abiria wa namna hii haulizi treni inakimbia kilomita ngapi kwa saa. Anauliza kama inasimama kwao.

Ukaribu wa vituo vile una sababu yake. Mjerumani alianza kutandika reli Dar mwaka 1905, akafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Injini zilikuwa za mvuke, zinataka maji na kuni njia nzima, na reli yenyewe ni moja, kwa hiyo kila baada ya mwendo mfupi palihitajika tangi la maji na mahali pa treni kupishana. Palipo na tangi akawekwa mtu wa kulitunza, mtu akaleta familia, familia ikalima, wengine wakafuata. Kwa hiyo vijiji vingi vya njiani viliikuta reli ipo. Mvuke umeondoka, watu wamebaki.

SGR haikuchorwa kwa mahesabu hayo, na siilaumu. Kati ya Dar na Morogoro ina Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere, basi. Huwezi kutaka treni ikimbie 160 kwa saa halafu uisimamishe kila penye mwembe.

Waliopita Saranda wananielewa. Treni haijatulia sawasawa, sinia zimeshafika usawa wa madirisha. Kuku wa kienyeji, mzima, kabanikwa akaiva hadi mifupani, na pilipili imefungwa pembeni kwenye kipande cha nailoni. Mkono unatoka dirishani na noti, mwingine unaingia na kuku, na chenji inakuja baadaye, inakimbia sambamba na behewa huku mwenye kuidai anapiga kelele "dada, elfu mbili yangu!" Nimeona chenji ikikabidhiwa treni imeshaanza kushika kasi, na muuzaji anacheka. Madirisha ya SGR hayafunguki, na tuta lake lina uzio. Yule dada mnampeleka wapi?

Nawasilisha.

Hesabu Kwanza

Mkuu, umeandika vizuri na njaa umetutia. Ila reli haiendeshwi kwa kuku.

Kwanza, umesema mwenyewe kwamba njia ni moja. Treni ya abiria ikiwa na ratiba, ya mizigo inasubiri kwenye kituo cha kupishana. Hela ya reli hii imo kwenye mzigo: wa Burundi na Kongo kupitia Kigoma, wa Rwanda kupitia Isaka. Kila saa mzigo unaolala porini, wenye mzigo wanafikiria malori.

Pili, usalama. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilishindwa mlima kule Msagali, Dodoma, ikarudi kinyumenyume hadi ikagonga ya mizigo. Watu 281 walikufa. Halafu kuna kile kipande cha Kilosa hadi Gulwe, reli imelala ubavuni mwa mto. Mwisho wa 2009 kuingia 2010 mafuriko yaliibeba, safari za abiria zikasimama kwa miezi. Utaendelea kujaza mawe pale mpaka lini, ilhali jirani yake kuna reli mpya iliyojengwa kwa mabilioni?

Tatu, usiku siyo mali ya treni tena. Tangu miaka ya 1990 mabasi yalikuwa hayaruhusiwi kusafiri usiku kucha, ndiyo maana mtu alikuwa anavumilia treni. 2023 zuio likaondolewa. Anayetaka kulala safarini apande basi. Kijiji kisicho na barabara kijengewe barabara.

Ukweli Mtupu

Basi la usiku unalalaje mkuu? Mimi nalala na miguu ya jirani. Kwenye treni daraja la pili kulala mko sita chumba kimoja, wanaume kwao na wanawake kwao, kila mtu na kitanda chake. La kwanza mko wawili. Hakuna basi la hivyo.

Jirani wa Voi

Hamjambo wandugu wa Bongo. Nyinyi mnajadili yatakayokuja, sisi yalishatukuta.

Treni ya usiku ya Nairobi na Mombasa ilikuwa inaondoka jioni katikati ya jiji, asubuhi unashuka kisiwani Mombasa, unatembea kwa miguu mpaka sokoni. 2017 SGR ikaanza, ile ya zamani ikaondolewa. Sikatai, SGR ni safi na saa tano hivi umefika. Lakini unashuka Miritini au Syokimau, halafu unaanza safari nyingine ya kuingia mjini. Sisi wa Voi tulibahatika, tukapewa stesheni. Makindu na Mackinnon Road je? Treni ilikuwa inasimama, sasa hawana cha kupanda.

La kuchekesha ni kwamba baadaye SGR nayo ikaleta treni ya usiku. Inatoka saa nne usiku na inakufikisha kabla hakujapambazuka, unakaa stesheni ukipiga miayo ukingoja kuche. Njia ikiwa fupi na treni ina kasi, usiku unabaki!

Tena mwaka 2021 serikali yetu ikarudisha treni ya abiria ya Kisumu, na hiyo ni ya reli ya zamani ileile. Ilibidi kwanza njia ikarabatiwe. Kumbe kulikuwa na haja gani ya kuiacha ife?

Mwana wa Nguruka

Jirani, asante, umenisaidia kuliko nilivyojisaidia mwenyewe.

Hesabu Kwanza, Msagali sibishani nawe. Kuna familia hadi leo zinakumbuka usiku ule, na mtu yeyote anayetetea treni ya zamani lazima aanzie kwenye breki kabla ya kufika kwenye kuku. Kama mabehewa hayafai, yaondolewe. Na Kilosa–Gulwe nakuachia: sioni sababu ya treni ya abiria ya masafa kupita ubavuni mwa mto ilhali SGR ipo na imeshafika Dodoma tangu 2024. Dar hadi Dodoma kwa 31,000 daraja la kawaida, unafika saa nne hazijaisha. Hapo nani anahitaji kitanda?

Kwa hiyo nabadilisha hoja yangu kidogo, na nasema wazi kwamba nimeibadilisha. Nilipoandika mara ya kwanza nilichanganya mambo mawili: treni ya usiku, na treni inayosimama kwetu.

Treni ya usiku ihamie SGR. Dar hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200. Hata treni ya 160, ukitoa kusimama na kupunguza mwendo, sema wastani wa 120, ni saa kumi au kumi na moja. Huo ndio usiku wenyewe. Unapanda saa mbili usiku, unashuka asubuhi ziwa linaonekana. Wenzetu wa Mombasa usiku unawabakia, sisi unatutosha kabisa. Lakini hapo pawekwe mabehewa ya kulala, siyo viti. Ukimkalisha mzee wa Kasulu saa kumi na moja kwenye kiti ili ujisifu kwamba treni ni mpya, umemfanyia nini?

Treni inayosimama kwetu ibaki MGR, iwe fupi, itembee mchana: Dodoma kwenda Tabora, Tabora kwenda Kigoma. Mabehewa manne matano na moja la mzigo, maana huku mtu hasafiri mikono mitupu. Ikitembea mchana kwa ratiba inayojulikana, mpishano na treni za mizigo unapangika.

Kuhusu barabara, ijengwe, nani anakataa? Ila ijengwe kwanza ndiyo treni iondoke. Tumezoea kuona kinachoondoka kikiondoka siku iliyotangazwa, na kinachokuja kikija siku kinayojisikia.

Hesabu Kwanza

Sasa tunaongea. Swali langu limebaki moja: hizo treni fupi nani atalipia hasara? Nauli ya Tura kwenda Goweko hailipi hata mafuta ya injini.

Mwana wa Nguruka

Hailipi, kweli. Na taa za barabarani hazilipi, na kivuko hakilipi. Ilipwe na serikali kwa fungu linaloonekana kwenye bajeti, lisifichwe ndani ya hesabu za shirika la reli halafu kesho shirika lisemwe halina faida.

Pima na gharama ya kuua. Watu wa kaskazini wanajua: treni ya abiria ya Moshi ilirudi mwishoni mwa 2019 na ya Arusha 2020, baada ya zaidi ya miongo miwili ya kimya. Njia isiyopitiwa na treni inaota vichaka, hifadhi ya reli inajengwa nyumba, vyuma vinaishia kwa wanunua chakavu. Kuirudisha unaanza na mapanga. Siku hizi ni treni inayotoka Dar mchana na kuamkia Uchagani, na mwezi wa kumi na mbili wenye kwao wanaigombania.

Mwana Katavi

Naomba nichomekee na mimi. Wote mnaongea Kigoma, Kigoma. Treni yetu ya Mpanda inachepukia Kaliua, na wengi tunaipanda kwa kuunganisha na hiyo ya Kigoma pale Tabora. Vyuma vya SGR kwetu hatujaviona. Mkiipeleka treni ya usiku SGR na hizo fupi zikakosa hilo fungu la bajeti, sisi tutashukia Tabora saa ngapi, na tutalala wapi?