Tupeane uzoefu: bima ya kazini, mwajiri analipa nini na wewe unalipa nini?

Dada wa Lanet
Jameni, habari za jioni. Leo tumepewa barua kazini. Tunauza pembejeo za kilimo hapa Nakuru mjini, tuko kama thelathini hivi. Barua inasema bima ya hospitali ya kampuni imepanda, na kuanzia mwezi ujao kampuni italipa asilimia 70, mfanyakazi 30. Miaka minne nimekuwa nikijua hiyo bima ni ya bure. Yangu mimi, mume na watoto wawili ni 96,000 kwa mwaka, kwa hivyo fungu langu ni 28,800, yaani 2,400 kila mwezi. Mshahara kabla ya makato ni 46,000, na SHA, ile bima ya afya ya serikali, tayari inaondoka na 1,265. Sijataja ile tozo ya nyumba.

Mwenzangu wa stoo ameapa hatatia sahihi. Mimi kalamu niliishika, nikairudisha mezani. Mwisho ni Ijumaa. Kwenu mnakatwaje?

Mama Chapo Kaptembwo
Bure? Mwanangu, cha bure kilikuwa chai ya matanga, na siku hizi hata hiyo tunachangishwa.

Mhasibu wa Kisumu
Nimetayarisha mishahara ya watu miaka kumi na moja. Wacha nitenganishe, maana kila mwezi watu hunijia mezani wamechanganya mifuko miwili.

Mfuko wa kwanza ni SHA, ile iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, haipungui 300, na juu haina kikomo. Hiyo ni yako peke yako. Mwajiri haongezi hata senti, kazi yake ni kuikata na kuifikisha kabla tarehe 9 ya mwezi unaofuata haijapita.

Mfuko wa pili ni bima ya kampuni, hiyo ya kadi. Hapo hakuna asilimia ya sheria. Kuna mwajiri analipa yote, kuna anayekulipia wewe tu na familia ukajilipia, na kuna wa kugawana kama huyo wenu. Na kuwa na kadi hakukuondolei SHA, zote mbili zinaenda.

Kuhusu kupanda: mkitibiwa mwaka huu kwa pesa nyingi kuliko mlizolipa, mwaka ujao kampuni ya bima inaongeza. Watu thelathini ni kundi dogo. Mmoja akiharibikiwa figo, wote mnaisikia.

Kamanda Free Area
Mhasibu acha kupotosha watu. Mwajiri huweka 2.75 yake pia. Shemeji yangu yuko kaunti, aliniambia mwenyewe.

Mhasibu wa Kisumu
Hiyo ni ya nyumba, ndugu. 1.5 wewe, 1.5 mwajiri. NSSF, ile ya akiba ya uzeeni, pia mnalingana. SHA ni wewe peke yako.

Kamanda Free Area
Kwa hivyo shemeji yangu ni mwongo?

Mama Chapo Kaptembwo
Sisi hatumjui shemeji yako. Pole kwake lakini.

Mwalimu wa Njoro
NHIF ilikuwa na mwisho. Mtu wa laki moja alilipa 1,700, mtu wa laki tano 1,700. Sasa laki moja ni 2,750, na wa laki mbili anatoa 5,500. Na foleni ni ile ile! Halafu mkubwa wenu anasema bima imepanda. Kila kitu kimepanda isipokuwa sisi.

Omera wa Nyalenda
Mwalimu, mimi wa elfu ishirini nilikuwa nakatwa 750, sasa ni 550. Wa laki mbili akilia, sisi tunyamaze tusikie vizuri.

Mwalimu wa Njoro
Sikusema napata laki mbili. Nilitoa mfano.

Omera wa Nyalenda
Mfano umevaa tai.

Mlinzi wa Usiku
Nimesoma hapo Mhasibu ameandika "kuikata na kuifikisha", nikaweka simu chini. Nimerudi.

Nilikuwa mlinzi kwenye duka la vifaa vya ujenzi huku Kondele, kupitia kampuni ya ulinzi ambayo siitaji. Mshahara 18,000. Tangu Oktoba 2024 kikaratasi cha mshahara kilionyesha SHA 495. Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Navihifadhi vikaratasi vyangu, marehemu baba alitufunza hivyo.

Februari mke alishikwa na uchungu usiku, mimi niko zamu. Jirani akampeleka na boda. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, wakampasua saa tisa usiku. Msichana. Nilifika alfajiri na rungu bado liko mkononi, askari wa lango akaniambia niliache kwake.

Nikaenda dirishani. Dada wa kompyuta akaandika namba ya kitambulisho changu, akangoja, akaandika tena polepole huku akiitamka. Kisha akanigeuzia skrini nione mwenyewe. "Baba, hujalipiwa." Nikamwambia haiwezekani, nikatoa vikaratasi vinne, nilikuwa nimevikunja ndani ya kitabu cha kliniki cha mama. Akavifungua vyote, akavipanga kwa miezi, akavisoma kimoja kimoja. Hakunidharau. Akasema, "Hizi zinaonyesha ulikatwa. Hazionyeshi zilifika."

Bili ilikuwa 41,600. Daktari alimruhusu mke wangu Ijumaa, tukatoka Jumatano iliyofuata, na kitanda kinaendelea kuhesabiwa. Ndugu yangu aliuza ndama kule nyumbani Ugenya, wenzangu wa zamu wakachanga, kaka ya mke akamalizia. Nilipoenda ofisini kwetu kuuliza, nikaambiwa "mfumo unasumbua". Nikawauliza, huo mfumo husumbua wakati wa kupeleka tu? Wa kukata hausumbui?

495 mara nne ni 1,980. Ndama ameuzwa kwa sababu ya 1,980.

Ofisi ya kazi ilipowapigia simu, walilipa malimbikizo yote ndani ya wiki moja. Pesa zangu za hospitali hakuna aliyerudisha. Mtoto anatembea sasa.

Nyar Seme
Pole sana ndugu yangu. "Hazionyeshi zilifika." Aki.

Omera wa Nyalenda
Wueh.

Mhasibu wa Kisumu
Pole, Mlinzi. Wengine wote, tafadhali: piga *147# kila mwezi tarehe kumi uone kama umelipiwa. Usingoje kuumwa.

Baba Mapacha
Mimi huangalia kuliko ninavyoangalia matokeo ya mpira ya Gor Mahia. Zote mbili huniumiza.

Fundi Welda Kakamega
Swali kando kidogo. Cheche iliniingia jichoni nikiwa kazini, mdosi akaniambia tumia SHA yako. Ni sawa?

Mwalimu wa Njoro
Si sawa hata kidogo. Ukiumia kazini hiyo ni WIBA, sheria ya 2007. Bima yake hulipwa na mwajiri yote, wewe huchangii shilingi, na gharama ya matibabu ni yake. Mwambie akupe fomu. Na jicho liko aje?

Fundi Welda Kakamega
Linaona. Linaona hata mdosi akinikwepa.

Nyar Seme
Sasa nami nitoe yangu, maana imenikaa kifuani tangu mwaka jana.

Mume wangu anafanya kazi kwenye kampuni moja kubwa Eldoret, mimi na watoto tuko Kisumu. Bima ya kazini kwake ilitufaa miaka sita. Unaingia, unalipa mia tano pale mapokezi, unaonwa. Mwaka jana Aprili mtoto wa pili akapandwa na joto, nikampeleka. Msichana wa mapokezi akapitisha kadi, akaniangalia. "Mama, pesa ya matibabu ya nje imeisha." Nikamwambia imeisha vipi, ni Aprili na tangu Januari hakuna aliyekohoa kwangu? Akasema kikomo ni cha familia nzima, labda baba ametibiwa. Nikaomba anichapie orodha. Alisita, kisha akapiga simu kwa watu wa bima, wakamruhusu kunisomea huduma tu, bila majina.

Kliniki ya wajawazito, Eldoret. Januari. Kliniki ya wajawazito, Februari. Picha ya tumbo. Picha ya tumbo tena. Meno.

Mimi nilifunga kizazi mwaka 2021.

Hiyo kadi inaruhusu mke mmoja. Kumbe nilitolewa Januari, akaandikwa mwingine, watoto wangu wakabaki. Kuna fomu, na fomu ina sahihi. Na jambo linaloniuma zaidi ya yote, msicheke: alikuwa anakatwa 1,800 kila mwezi kwa nyongeza ya familia, na kila nikiuliza mbona pesa ya nyumbani imepungua ananijibu, "SHA imepanda." Miezi minne mimi naitukana serikali bure.

Omera wa Nyalenda
NYAR SEME. Meno pia?!

Mama Chapo Kaptembwo
Wacha nivute kiti. Ukafanya nini, mama?

Baba Mapacha
Mtoto alipona lakini?

Nyar Seme
Alipona. Nililipa taslimu, malaria tu. Kisha nikapanda matatu ya Eldoret jioni hiyo hiyo.

Kamanda Free Area
Kwa mila zetu mwanamume ana haki ya kuongeza. Kosa lake ni kutosema. Kampuni za bima ndizo zibadilike, ziandike wake wote.

Mama Chapo Kaptembwo
Zibadilike kwa pesa ya nani? Yako ama ya shemeji?

Kamanda Free Area
Heshima tafadhali.

Mama Chapo Kaptembwo
Mke wa kwanza ametolewa kwenye kadi kama laini iliyofungwa, halafu unadai heshima hapa.

Dada wa Lanet
Jameni turudi kwa mada, Ijumaa inakaribia. Nyar Seme pole sana dada, nitakutumia ujumbe kando.

Mhasibu wa Kisumu
Lakini hiyo iko ndani ya mada kabisa. Kabla ya kutia sahihi uliza kikomo ni cha kila mtu au cha familia yote kwa pamoja. Watu wanne wakigawana laki moja ya matibabu ya nje, si sawa na kila mmoja kuwa na yake. Na omba orodha ya walioandikwa chini ya jina lako. Uione kwa macho.

Baba Mapacha
Usitie sahihi. Hakuna aliyefutwa kwa kukataa bima. 2,400 weka kwa chama cha akiba kila mwezi, mwaka ukiisha una 28,800 yako na faida.

Mwalimu wa Njoro
Na ukilazwa Machi ukiwa umeweka 7,200? Tia sahihi, dada.

Baba Mapacha
Mwalimu, kuna watu wamelipa miaka kumi hawajalazwa hata siku moja.

Mwalimu wa Njoro
Na wamshukuru Mungu.

Wa Molo
Hajawahi kusema mtu hapa kuhusu kuacha kazi, na mimi ndiyo iliyonikuta. Niliacha Aprili. Kadi ilikufa siku ile ile, lakini kwenye hesabu ya mwisho wakanikata mchango hadi Desemba, eti walishalipa bima mwaka mzima. Nilikuwa nimetia sahihi na sikusoma ukurasa wa pili. Dada, soma ukurasa wa pili.

Kamanda Free Area
Sheria ya Ajira kifungu cha 34 inasema mwajiri lazima awape wafanyakazi matibabu. Kwa hivyo hiyo 30 ni haramu. Nenda kwa wakili.

Mhasibu wa Kisumu
Kifungu kipo, kinasema aandae dawa za kutosha mfanyakazi akiugua, na ikiwezekana daktari kwa ugonjwa mkubwa. Mfanyakazi. Mume na watoto hawamo, na kadi ya bima haijatajwa. Wakili atakula hiyo 28,800 kabla ya chai ya saa nne.

Kitu kingine, Dada. Fungu lako la bima ya afya lina nafuu ya kodi, asilimia 15 ya unachotoa, mradi nafuu yenyewe isizidi 5,000 kwa mwezi. Kwa 2,400 ni 360 inayopungua kwenye PAYE, kodi ya mshahara. Wengi hawaipati kwa sababu hawakupeleka cheti cha bima kwa anayetengeneza mishahara. Na ile ya SHA, tangu mwisho wa Desemba 2024 huondolewa kabla kodi haijapigiwa hesabu. Kama kwenu bado wanaiweka baada ya kodi, waambie.

Omera wa Nyalenda
Mhasibu unaoa? Nauliza kwa niaba ya Nyar Seme.

Nyar Seme
😂😂 Omera, nitakuripoti kwa mama yako.

Dada wa Lanet
Ijumaa, nimerudi. Niliingia kwa HR, mkuu wa masuala ya wafanyakazi, na maswali yenu kwenye karatasi, akavua miwani.

Kikomo cha kulazwa na cha matibabu ya nje vyote ni vya familia. Nikauliza orodha, akaichapisha. Tuko wanne kweli, hakuna mgeni (asante Nyar Seme, usiku wa kuamkia leo sikulala). Lakini nikaona kitu: mume wangu ana bima kazini kwake, kwa hivyo miaka yote minne amekuwa akilipiwa mara mbili na hajawahi kutumia ya kwangu. Nikimtoa, bei inashuka hadi 78,000. Fungu langu 23,400, yaani 1,950 kwa mwezi, na ile nafuu ya 15 ni 292 na senti. Cheti cha bima ameahidi kukipeleka kwa mhasibu wetu, nimemwambia nitamkumbusha.

Ukurasa wa pili ulikuwa na hilo la Wa Molo, neno kwa neno. Nikaomba liandikwe kwamba nikiacha kazi nakatwa hadi mwezi wa kuondoka tu. Amekubali kuuliza mkubwa. Nimetia sahihi ukurasa wa kwanza, wa pili unangoja. Mwenzangu wa stoo bado amekaza.

Jioni nilimwambia mume nimemtoa kwenye kadi. Akanyamaza, akaweka kijiko chini, akauliza, "Umemwandika nani?"

Mama Chapo Kaptembwo
😂😂😂 Nyar Seme njoo usome hii.

Baba Mapacha
Na huko Eldoret ulifika saa ngapi? Hukumaliza.